Mamkubwa Hapewi Kadi

Salma mwanangu,

Hali yako siulizi, nakusikia hapa ukutani unavyocheka na wanawake wanaokusugua singo. Mie niko dukani, mlango nimeushusha nusu ili wateja wadhani nimeingia kuswali, na nakuandikia barua wewe uliye chumba cha pili. Ukisikia watu wanasema mama yako akili zimemruka, usibishane nao. Karatasi hii ni ile nzito ya rangi ya maziwa, ile uliyokuwaga unanikataza kuitoa hovyo kwa sababu ni ya kadi za wateja wakubwa. Leo nimeitoa.

Kesho saa kama hizi utakuwa mke wa Nassor, na usiku utalala Mbweni. Watu wanakulilia kama unapelekwa Ulaya. Mbweni ni hapa hapa Dar, ni mtu kutoka Temeke akauvuka mji, basi. Lakini mie pia nimeshalia, bafuni, bomba nimelifungulia baba yako asisikie. Mambo ya kupika, kufua na kumwamkia mkweo asubuhi sikuandikii. Unayoyajua unayajua, na usiyoyajua utafundishwa huko huko. Nina jambo moja tu, na lazima ulisome leo kabla ya magharibi, sio ukishafika kwa mumeo. Nimeanza kuliandika mara kadhaa nikakunja karatasi. Sasa nasema.

Mamkubwa wako haumwi miguu.

Nimekudanganya. Kila ulipouliza, "Mama, Mamkubwa anakuja lini?" nimekujibu miguu imemvimba, daktari kamwambia apumzike, atakuja tu. Na wewe kwa kuwa uko ndani na simu tumekunyang'anya kama ada ilivyo, umeniamini. Jana ukasema singo hii ya kununua haina harufu nzuri, yeye angekutwangia mwenyewe. Mie nikajifanya natafuta taulo. Salma, dada yangu Mwanaidi ni mzima wa afya. Yuko Mabibo, anauza nyanya zake sokoni kama siku zote. Amesusa. Ameisusa harusi yako, na aliyemfanya asuse ni mie.

Nilimpelekea kadi.

Ndiyo, kadi ya mwaliko. Mtu aliyekulea, somo yako aliyekufunda tangu ulipovunja ungo, mtu ambaye kesho ndiye wa kukushika mkono akutoe mbele za watu, mimi mama yako nimemwalika kwa kadi kama jirani wa mtaa wa tatu. Wala sikumpelekea mwenyewe. Nilimpa kijana wa bodaboda, pamoja na bahasha nyingine za Mabibo na Manzese, nikamwambia, "Gawa, ukimaliza nipigie." Najua hapo umeshaweka mkono mdomoni.

Unajiuliza imekuwaje, mwanamke anayeishi kwa kuchapa kadi za watu. Na mie najiuliza hivyo hivyo. Nadhani ilianza siku ile mkweo, Bi Zuhura, alipokuja kuangalia mfano wa kadi. Unamkumbuka alivyokaa kwenye kochi letu, mgongo umenyooka, kadi kaishika kwa vidole viwili. Watu wenye maduka tangu enzi za babu yao, wamezoea harusi kubwa. Akasema kwa upole kabisa, "Kwetu, Mama Salma, bila kadi mtu haingii mlangoni, hata awe nani." Nami nikajibu haraka, "Hata kwetu."

Kwetu wapi? Tangu lini? Kwetu sie mtu anaingia na sufuria lake kichwani na anaulizwa vitunguu viko wapi. Lakini niliona aibu, mwanangu. Niliogopa aje kusema watu wa Temeke shughuli zao hazina mpango. Roho ikawa juu juu tangu siku ile. Nikawa nakesha na kompyuta, kila jina kadi yake, kila kadi na alama yake ya kuscan mlangoni, mwenye single aingie mmoja, mwenye double waingie wawili. Nikawaambia wale walinzi wa ukumbi, asiye na kadi msimruhusu hata akisema ni mjomba wa bi harusi. Nikajiona hodari kweli kweli.

Harusi yangu mie haikuwa na kadi hata moja. Dada ndiye aliyekuwa kadi. Alijifunga khanga zake akazunguka Mtoni yote mpaka Tandika, kila nyumba anaingia kutangaza kwamba mdogo wangu anaolewa, mje. Nyumba nyingine anakawizwa mpaka wali unaiva. Lakini kuna watu hakuwapitia kabisa. Hakwenda kwa shangazi zetu, hakwenda kwa bibi. Nikamwambia, "Dada, hao umewasahau." Akanishangaa. "Hao wenye shughuli, unawaalikaje? Hao wanaambiwa siku, waje wakae." Na kweli walikuja na mabegi yao kabla ya siku, wakalala chini kwenye mikeka, wakatugombeza wote kuanzia alfajiri. Nililijua hilo tangu harusi yangu. Mgeni anapewa kadi, mwenye shughuli anaambiwa siku. Nimekuja kulisahau sasa hivi, tena kwa harusi ya mwanangu.

Nilivyokuja kusikia baadaye, dada alikuwa ameshafunga begi. Alikuwa anangoja tu mmoja wetu ampigie simu amwambie, njoo. Liwa ameshainunua, sandali ameshatwanga, udi wa kukufukizia kauweka kwenye kopo. Sokoni ameshaaga kwamba hataonekana, ana harusi ya mwanawe. Mara anasikia honi ya bodaboda mlangoni. Kijana anamuuliza, "Wewe ndiyo Bi Mwanaidi? Saini hapa."

Yarabi. Nilimwekea mpaka mahali pa kusaini.

Jioni akanipigia. Hakugomba. Angegomba ningepona. Alisema, "Mdogo wangu, kadi nimeipata, nzuri sana, inang'aa. Ila mie nitakuwa na kazi siku hiyo." Nikaanza kucheka, nikidhani ananitania, nikamwambia acha utani dada. Akasema, "Haya, kwa heri," akakata. Kesho yake asubuhi yule yule kijana wa bodaboda akanirudishia bahasha. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini, nikakaa juu ya katoni la rimu za karatasi hapa dukani.

Nikampigia, hapokei. Nikampigia kwa simu ya jirani, akapokea, aliposikia sauti yangu akasema, "Niko na wateja." Nikamtuma baba yako apitie akitoka kazini Kurasini. Mtu wa makontena, kutwa nzima anapatanisha madereva wa malori na mawakala, nikajua ataweza. Akakaribishwa vizuri, akapewa chai na vitumbua, akaulizwa hali ya kazi. Alipotaja harusi dada akamwambia, "Shemeji, Mungu awape harusi njema." Baba yako akarudi amefurahi, ananiambia, "Mbona dada yako hana neno? Katuombea dua." Wanaume jamani! Harusi njema ndivyo anavyoambiwa mtu baki. Nikaona bora nisimweleze.

Na mie mwenyewe sikwenda. Hilo ndilo linaloniuma. Kila siku nilikuwa na sababu. Leo mpambaji anakuja, kesho wapishi, keshokutwa Bi Zuhura anataka kuona ratiba. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wake.

Wameacha kuimba huko kwako. Nimeshtuka, nikadhani unakuja. Haya, wameanza tena.

Wewe uliniambia ukishatulia Mbweni utafungua ofisi yako ya kupanga harusi, kadi, mapambo na kila kitu, ubao wa jina wa dhahabu. Nilikucheka lakini nilifurahi. Basi ngoja nikuachie ninayoyajua, maana kesho hatutapata hata nafasi ya kukohoa. Kadi usichape mpaka ukumbi umethibitishwa na umeshika risiti mkononi. Yule bi harusi wa Yombo unamkumbuka? Ukumbi ulibadilishwa kadi zimeshagawiwa, nusu ya wageni wakaenda kule kwa zamani, wakakuta harusi nyingine, wakakaribishwa, wakala, wakacheza, wakatoa na zawadi, mpaka bi harusi alipofunuliwa uso ndipo wakaulizana, "Huyu nani?" Sie tulicheka wiki nzima. Mwenyewe hakucheka.

Maandishi yawe makubwa. Bi harusi wa siku hizi anataka herufi za kujikunja kunja, nyembamba, za dhahabu juu ya karatasi nyeupe, halafu babu yake anaishika kadi kwa mbali kama anaangalia mwezi. Mwambie bi harusi dhahabu tuweke kwenye maua, maneno yawe meusi. Majina ya wazazi msomee mtu mzima wa kila upande kabla hujachapa, maana ukimwandika marehemu kama yu hai, au aliye hai ukamwekea neno marehemu, hakuna wino wa kufuta. Namba za simu za chini zisiwe za bi harusi wala za mama yake. Tafuta watu wawili wenye vifua, wasiopaniki, ndiyo wapigiwe na wageni waliopotea njia. Bahasha uzidishe kila mara, kwa sababu kuna jina litaandikwa vibaya na kuna mjomba atakayeibuka siku ya mwisho. Muda usiogope kuandika mapema, watu wetu unawajua. Kadi za kwenye simu ni nzuri kwa marafiki zako na wafanyakazi wenzake Nassor, lakini mtu mzima mpelekee kwa mkono, ukae, uongee naye.

Na kabla ya yote hayo, kabla hujafungua kompyuta wala hujamwonyesha bi harusi rangi za utepe, muulize: kwenu nani hapewi kadi? Akutajie mmoja mmoja. Hao uwaandike kwanza pembeni, na umwambie bi harusi atume mtu akawaambie siku kwa mdomo. Akisema hakuna, kila mtu ana kadi, mbishie. Kila nyumba inao. Mie nilimuuliza kila mteja anataka kadi ngapi, wala sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo ni gumu kwangu. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni haraka tu, majina mengi, usingizi. Lakini bahasha zile niliziandika kwa mkono, wewe mwenyewe ulisema mwandiko wangu unapendeza kuliko wa mashine. Jina la fundi cherehani wetu nilikaa nalo muda mrefu, niandike single au double, ana mke au wameachana. Jina la dada yangu wa tumbo moja niliandika, nikafunga bahasha, nikashika nyingine. Mbona moyo haukushtuka?

Unajua ulivyokwenda kwake. Nilipojifungua wadogo zako mapacha niliugua, nilikuwa siwezi hata kusimama, akaja akakuchukua ukiwa unaanza kuongea. Hakuwa na mtoto, Mungu hakumjaalia, na mumewe alishafariki. Akakuweka mgongoni akaenda nawe sokoni, ukakua katikati ya matenga ya nyanya, unawajua wachuuzi wote kwa majina. Nilipopona nikasema aendelee kidogo, duka ndiyo kwanza naanzisha. Kidogo ikawa miaka. Ulipofika umri wa shule nikakufuata. Alikufungia nguo zako, akakupaka mafuta, akakukabidhi kwangu bila neno. Mpaka leo sijawahi kumuuliza alirudije ndani siku ile.

Ukafika hapa, jioni ukaniambia, "Mama mdogo, naomba maji."

Kwa hesabu zako ulikuwa sawa. Mama yako yuko Mabibo na mie ni mdogo wake. Nikakupa maji, nikatoka uani nikalia mpaka mama mwenye nyumba akauliza kuna msiba gani. Uliniita hivyo miezi mingi. Ukiumwa unamtaka yeye, ukishinda mtihani unataka apigiwe yeye. Nilimshukuru dada yangu mbele za watu, na kimoyomoyo nilikuwa namwonea wivu. Naliandika neno lenyewe kama lilivyo, wivu. Na nilipokuwa naandika zile bahasha nilishafikiria mara nyingi kesho itakavyokuwa, mlango unafunguliwa, unatoka umeng'aa, na mkono wako uko mkononi mwake, ukumbi mzima wa Bi Zuhura unatazama na unauliza mama mzazi yuko wapi. Sijui kama wivu huo ndiyo ulioshika kalamu. Nimejichunguza mpaka nimechoka, jibu sina. Ila sitaki uende Mbweni ukiamini lilikuwa kosa la kazi tu, halafu siku moja usikie kwa mwingine.

Leo asubuhi nilijikaza nikaenda sokoni kwake. Wewe ulidhani nimefuata maua. Nilimkuta kakaa kwenye kigoda, anachambua nyanya, mbovu upande huu, nzima upande ule. Nikasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, mgeni." Hakuinua kichwa.

Nikamwambia nisamehe dada, ni makosa, nilikuwa na majina mengi, nimechanganyikiwa na hii shughuli.

"Jina langu hukulichanganya," akasema. "Umeliandika vizuri. Hata Bi umeniwekea." Akatupa nyanya upande wa mbovu. "Pale juu pana neno la Kizungu. Nikamuuliza yule kijana wa boda, hili ndiyo nini? Akaniambia, mama, hiyo single, maana yake uende peke yako. Nikamwambia kwani mie nina nani wa kwenda naye?"

Wachuuzi wote wanajifanya wanapanga karoti.

"Halafu nikasoma na kule chini. Watoto hawaruhusiwi." Hapo ndipo aliponitazama. "Mtoto wangu mimi ndiyo huyo anayeolewa."

Salma, nilipiga magoti pale pale kwenye maganda, na baibui langu jipya. Nikalia. Na yeye machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye nyanya, akanikasirikia kwa kumliza mbele ya wateja. Nikadhani yamekwisha. Nikamwambia basi twende dada, begi si liko tayari, tuchukue bajaji. Akasema, "Salma anasemaje?"

Nikaanza kukung'uta maganda kwenye baibui.

"Umemwambia nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nimekwambia anaumwa miguu. Akaitazama miguu yake muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo yeye anajua mie nimekaa kitandani kwangu na yeye anaolewa. Anajua nimeshindwa kujikokota kwa ajili yake." Mwanangu, sikuwa nimeliona hivyo hata mara moja. Nilidhani nakuficha wewe usiumie. Kumbe nilikuwa namchafua yeye kwako, tena baada ya kumtusi kwa kadi.

Nikambembeleza, nikamwambia tutamwambia baadaye, harusi ikishapita, tusimharibie mtoto furaha yake. Akakataa katakata. Akasema, "Wewe ulishaniita kwa njia yako, nami nikakujibu. Siji kwa wito wako tena. Mwambie yeye kilichotokea, chote. Akishajua, akinitaka, aniite mwenyewe. Asiponiita nitajua amekuwa mtu wa kadi, na dua nitamwombea hapa hapa." Halafu akamgeukia mteja akaanza kumpimia nyanya.

Nimerudi tangu adhuhuri. Nimekuja mpaka mlangoni kwako nikasikia kicheko chako, nikarudi. Nikaja tena, mkono nimeshauweka kwenye kitasa, wanawake wakapiga vigelegele, nikarudi. Ninaogopa vitu vingi kwa pamoja hata sijui kipi ni kipi. Naogopa utalia na kesho macho yavimbe. Naogopa utasema harusi isimame. Naogopa Bi Zuhura atasikia. Naogopa Mamkubwa hatakuja hata ukimwita, na utatoka kesho na mtu wa kuazima. Na kubwa kuliko yote naogopa utaondoka kwangu umenikasirikia, na huko Mbweni kila nikipiga simu uniambie, "Niko na kazi, mama," kwa ile sauti ya upole.

Mtu akiwa na hofu hupanga, Salma. Hilo nimelijua kwa gharama. Hupanga viti, hupanga majina, hupanga nani aingie nani abaki, na moyo unatulia kidogo, anadhani amefanya jambo. Huko uendako utaogopa. Utaogopa mkweo, utaogopa majirani wenye mageti, utaogopa kuonekana umetoka Temeke. Siku utakapojikuta unamwambia mtu "hata kwetu" na sio kwenu, nyamaza kwanza, nenda jikoni ukanywe maji. Nassor ni kijana mwema, mwambie unapoogopa. Mie baba yako sikuwahi kumwambia, ndiyo maana alirudi ameshiba vitumbua tu.

Bi Zuhura nimeshampigia. Nimemwambia kwetu sie kuna watu hawana kadi na mlangoni watapita. Akasema, "Hata mimi dada yangu amenuna. Nilimpa kadi." Mwenzangu! Sikujua nicheke au nilie. Sasa na yeye anatafuta gari la kumfuata.

Barua hii nampa shangazi yako Tatu akuletee, na nimemwomba awatoe wanawake wote chumbani mpaka utakapomaliza kusoma. Mie nitakuwa nimekaa kwenye kiti nje ya mlango wako, na viatu nimeshavaa. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitakusikia vizuri. Ukitaka kulia, lia, macho tutayaweka barafu. Halafu utume mtu Mabibo, jua bado lipo. Umtume unayemwamini. Yupo shangazi yako, wapo wadogo zako wote wawili, ukimchagua yeyote sitanuna, na sitauliza umemwambia aseme nini.

Lakini kama moyo wako bado una nafasi, nitume mie. Sitabeba kitu chochote mkononi. Nitakwenda mpaka mlangoni kwake, nimwamkie, nimwambie, "Dada, nimetumwa na mwanao."

Mama,
hapa nje ya mlango.